Sauti ya Mwanzo wa Kanda

Wageni walipopiga simu kusema wanatengeneza filamu ya watu waliorekodi na kuuza kanda za muziki hapo zamani, Marieta aliwauliza swali moja tu: mashine ya kusikilizia mnayo? Hakuuliza wanatoka wapi, wala hakuuliza atapata nini. Kijana aliyepiga, Patriki, alianza kumweleza habari za urithi wa utamaduni na vizazi vijavyo, akaeleza weee, na Marieta akamwacha amalize kwa adabu zote, kisha akauliza tena. Mashine mnayo? Patriki akasema wanayo, tena nzuri, na fundi wa sauti wanaye.

"Basi njooni," akasema Marieta. "Njooni hata kesho."

Hawakuja kesho. Watu wa filamu hawajui kesho ni lini. Walikuja maharage yalipokwisha kuvunwa, na muda wote huo Marieta aliishi kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake ameruhusiwa hospitali, ila siku ya kurudi hakuambiwa. Kila gari lililopita barabarani alitoka nje kuliangalia.

Alichokuwa akikingoja ni sauti ya mumewe. Baltazar alikufa katika lile tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang alfajiri ya Jumapili, Desemba ya mwaka elfu mbili ishirini na tatu. Marieta hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwao Masieda, kwa kaka yake Yoakimu, kwenye kipaimara cha mtoto wa kaka, na Baltazar akabaki nyumbani Gendabi kwa sababu ya ng'ombe aliyekaribia kuzaa. Tope lilichukua nyumba, likachukua duka, likachukua na huyo ng'ombe. Mwili wa Baltazar ulipatikana wakamzika, na kwa hilo Marieta alimshukuru Mungu, maana alijua wengine hawakupata hata hicho. Baada ya hapo akabaki kwa kaka yake. Angerudi Gendabi kufanya nini?

Picha ya marehemu ilipatikana moja, ya kitambulisho, kwa binti yao Jenifa aliyeolewa Babati. Lakini sauti haikupatikana. Baltazar alikuwa na simu ya tochi, ile ya kupiga na kupokea basi, na alikuwa mtu wa kuona aibu akiambiwa aseme kitu kwenye simu ya mwenzake. Mtu aliyerekodi watu wa wilaya mbili, yeye mwenyewe hakuna aliyekumbuka kumrekodi. Siku za mwanzo Marieta hakulijali hilo, alikuwa na mengi ya kulia. Lilimjia baadaye, alipokuwa akipepeta mahindi, kwamba kama anataka kumsikia tena yule mwanamume, hana pa kumsikilizia isipokuwa mahali pamoja tu.

Mahali hapo ni kwenye kanda mama, zile za kwanza alizorekodia mwenyewe, ambazo nyingine zote zilinakiliwa kutoka kwake.

Ukitaka kumwelewa Marieta inabidi uijue Jogoo. Baltazar alikuwa fundi wa redio pale Gendabi, na zamani zile, watu walipokuwa wakinunua nyimbo za mijini ambazo hawaelewi zinasema nini, aliona mambo hayo hayawezekani: watu wanaimba hapa hapa, kila siku, na hakuna anayewauza. Akafunga redio yake ya kaseti kwenye blanketi, akaipandisha kwenye baiskeli, akaanza kuzunguka. Alikwenda Balangdalalu kwenye maboma ya Wabarabaig, akapanda Mbulu kwa kwaya na kwa mabinti wa Kiiraqw walioimba harusini. Kanda zake akaziita Jogoo. Muhuri wa jogoo aliuchonga mwenyewe kwenye soli ya ndala, na ukweli lazima usemwe, yule ndege alifanana zaidi na bata. Lakini watu waliupenda. Walikuwa wakija dukani wanasema nipe ile ya bata, na Baltazar anawauzia huku amekunja uso.

Boma la kwanza la Wabarabaig alilofika aliomba ng'ombe wasogezwe mbali ili wimbo usikike. Mzee wa boma akamuuliza, kwa upole kabisa, sasa huo wimbo wa kumsifu ng'ombe tumwimbie nani kama ng'ombe hayupo? Tangu siku ile kanda zote za Jogoo zilizorekodiwa bondeni zina ng'ombe ndani yake, na watu wa huko walikuwa wakimtambua ng'ombe wa fulani kwa mlio kabla hawajamtambua mwimbaji.

Baltazar alirekodi, Marieta akatoa nakala. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kukaa chumba cha nyuma na redio ya kaseti mbili iliyoungwa kwenye betri ya gari, kanda mama upande huu, kanda tupu upande ule. Alirudisha kanda kwa peni ili kuokoa betri, mpaka kidole kikaota sugu. Na kila kanda mama, kabla ya kila wimbo, ilikuwa na maneno ya Baltazar. Hapa ni Jogoo, Gendabi. Leo tuko kwa fulani, anaimba fulani binti wa fulani, kaa utulie usikilize. Aliyasema ili yeye mwenyewe asisahau nani ni nani. Lakini kanda tupu zilikuwa ghali na maneno yale, ukiyajumlisha, yalikula nafasi ya wimbo mzima.

"Ruka maneno yangu," alimwambia mkewe. "Watu wananunua wimbo. Mimi wananiona bure hapa dukani."

Marieta akayaruka. Aliweka kidole kwenye kitufe, akangoja Baltazar amalize kusema, na mara tu aliposema usikilize, akaachia. Aliifanya kazi hiyo kwa usafi mno. Hakuna mnunuzi aliyewahi kusikia hata mkia wa neno. Kwa hiyo zile kanda zote za Jogoo zilizotapakaa Hanang na Mbulu, zile za harusini na za vilabuni na za kwenye malori, hakuna yenye sauti ya mwenye Jogoo.

Baada ya msiba aliulizia. Majirani walimletea kanda walizokuwa nazo, wengine wakamtumia kutoka mbali, na kwa jirani mmoja wa Masieda kulikuwa na redio ambayo bado ilizunguka, ingawa mara nyingine ilitafuna. Marieta alisikiliza zote. Wimbo ulianza palepale ulipotakiwa kuanza, safi kabisa, na aliichukia kazi yake kwa chuki ambayo hakuwahi kumchukia nayo mtu. Alikuwa amemkata mumewe kila siku kwa miaka na miaka, na kwa ustadi.

Lakini kanda mama zilikuwepo. Simu za kuweka nyimbo zilipoingia na biashara ikafa, mchwa walianza kuingia kwenye maboksi pale dukani, na Baltazar akasema zitupwe, nani atazitaka. Marieta alikasirika. Akazitia kwenye gunia, akapanda nalo basi mpaka Masieda, kwa mama yake ambaye wakati ule alikuwa hai, na akaziweka mahali ambapo kitu cha thamani huwekwa. Juu ya jiko la kuni, darini, ndiko mama yake alikoweka mahindi ya mbegu. Moshi unafika pale mchana kutwa. Fukusi hawapandi, panya hawakai, mchwa hawana habari. Mbegu iliyokaa pale mwaka mzima ukiishusha inaota kama iliyovunwa jana, na kila mwanamke wa pale anajua hivyo kama anavyojua jina lake. Aliliweka gunia katikati kabisa, kwenye moshi mzito, akashuka moyo umetulia.

Alipokuja kuyakumbuka hayo, baada ya tope, alipanda darini. Gunia lilikuwepo, jeusi kama chungu, halijaguswa. Mama yake alishafariki na sasa aliyepika pale chini ni wifi yake Scolastica, mke wa Yoakimu, mwanamke mwenye huruma na maneno mengi. Marieta alitoa kanda moja, akaiangalia, akairudisha. Ile redio ya jirani ingeitafuna, na kitu hiki hakikuwa cha kujaribia. Akaliacha gunia palepale lilipokuwa salama. Scolastica akaendelea kupika chini yake.

Sasa unajua kwa nini aliuliza mashine.

Walikuja watatu: Patriki mwenyewe, mpiga picha ambaye siku nzima hakusema na mtu ila Patriki, na Letisia, binti mwembamba mwenye vifaa vya sauti. Wakaamkia, shikamoo mama, wakaitikiwa marahaba, wakapewa chai. Patriki alieleza kwamba kila kipindi cha filamu yao kinahusu lebo moja ya zamani na watu waliokuwa nyuma yake, na kwamba Jogoo ni kitu cha ajabu, hajui kwa nini haijulikani. Marieta alimsikiliza akiangalia sanduku la Letisia.

"Tunaanza na kanda?" akauliza.

"Tutaanza na wewe, mama. Historia kwanza."

Basi akasema historia. Aliisema harakaharaka kama mtoto anayesoma sala ili apewe chakula. Alipofika mwisho Patriki akafurahi, sasa akataka apigwe picha akipanda darini kulishusha gunia. Marieta akapanda. Mwanga ulikuwa mdogo, akaombwa ashuke apande tena. Scolastica aliambiwa azime moto kwa sababu moshi unachafua kamera, akauzima. Halafu mpiga picha akanong'ona na Patriki, na Scolastica akaambiwa auwashe, kwa sababu moshi ulikuwa unapendeza. Scolastica aliuwasha huku akisema ya moyoni kwa Kiiraqw, na ni vizuri wageni hawakuielewa lugha ile.

Hatimaye gunia likafunguliwa uani, juu ya turubai. Letisia alichukua kanda ya juu, akaifuta masizi kwa kitambaa, akaigeuza mkononi. Akachukua nyingine, na nyingine. Akazipanga, na Marieta, aliyezishika kanda maisha yake yote, akaona kwenye mwanga wa jua kitu ambacho darini hakukiona: zilikuwa zimepinda. Zilikuwa zimejikunja pembeni kama soli za viatu vilivyoanikwa karibu na moto.

"Mama, zilikuwa zinakaa wapi?"

"Pale. Umeona zilipotoka."

"Siku zote? Na moto ukiwaka?"

"Moto usipowaka moshi unatoka wapi?" akasema Marieta. "Pale hapaingii mdudu."

Letisia akainamisha kichwa. Hakuwa na roho mbaya yule binti. Akasema kwamba kanda haiogopi mdudu sana, mama, inaogopa joto. Ule utepe wa ndani ukipata joto muda mrefu unagandana, na unga wake, ambao ndio wenye sauti, unabanduka. Labda zile za katikati ya gunia zimepona. Atajaribu.

Akajaribu mchana kutwa. Alifungua skrubu ndogo ndogo, akatoa utepe kwenye kasha lililopinda akauhamishia kwenye kasha jipya, kwa subira ambayo Marieta aliiheshimu. Kanda ya kwanza ilitoa ngurumo. Ya pili ilikataa kuzunguka. Nyingine ilitoa sauti ya mwanamke iliyovutika mpaka ikawa kama ya mzee mlevi, na Scolastica akacheka bila kutaka, kisha akajiziba mdomo kwa kanga. Ng'ombe mmoja alilia vizuri kabisa, ng'ombe wa Balangdalalu ambaye ameshaliwa zamani na ngozi yake imeshachakaa, akalia kana kwamba yupo pale uani. Marieta alimchukia yule ng'ombe. Kwa nini apone yeye?

Zikabaki chache, halafu ikabaki moja. Letisia aliiweka, akavaa spika za masikioni, kisha akazivua akamvika Marieta, akaiwasha. Palikuwa na mchakacho, kama kitu kinachokaangwa mbali. Ndani ya mchakacho ule mtu akavuta pumzi puani.

Marieta akainua mkono watu wote wanyamaze, ingawa hakuna aliyekuwa akisema. Baltazar alivuta pumzi vile daima, kabla hajasema, kama mtu anayenusa mvua. Aliijua pumzi ile kuliko alivyojua sala ya Baba Yetu. Kidole chake kiliingoja miaka yote kwenye kitufe. Baada ya pumzi ndiyo yanakuja maneno. Akangoja, na kweli kitu kikaanza kuja, na mashine ikatoa mlio mkavu na utepe ukakatika. Letisia alipoutoa, unga mweusi ulikuwa umebaki kwenye mashine na utepe wenyewe umekuwa mweupe, unaonekana upande wa pili.

"Ni yeye," Marieta alisema. "Alikuwa anataka kusema."

Letisia alikuwa akilia kidogo. Patriki alichuchumaa mbele ya Marieta, akasema pole mama, pole sana, na baada ya kunyamaza kwa muda aliodhani unatosha, akasema kamera ilikuwa inaangalia upande wa mashine. Kama mama hatajali, wanaomba avae tena zile spika, wapate uso wake tu.

"Nisikilize nini?" Marieta akauliza.

Kwa heshima ya Patriki inafaa isemwe kwamba aliona aibu. Wageni walipokwenda kulala Haydom, Scolastica alikaa karibu na wifi yake akisema angejua angekuwa anapikia nje, hata kwenye mvua, angepikia nje. Marieta akamwambia asijisumbue, hakuna aliyeziweka pale isipokuwa yeye mwenyewe. Kisha akasema jambo ambalo Scolastica alilirudia kwa Yoakimu kwa hofu. Alisema ingekuwa heri tope lingezichukua pamoja na mwenyewe, kuliko yeye kuzichoma kidogo kidogo huku akidhani anazitunza.

Mambo yangeishia hapo, na huzuni ya Marieta ingekuwa huzuni ya watu wengine wote. Lakini Patriki alipiga simu baada ya wiki kadhaa. Filamu ilikuwa inakwenda vizuri, nyimbo wamezipata kwenye kanda za wanunuzi, tena safi sana, amsifu nani kwa usafi ule. Tatizo ni kwamba mzee mwenyewe hayumo. Walikuwa wamefikiri, kama mama ataridhia, kumtafuta mwigizaji aseme yale maneno ya mwanzo wa kanda, na watu wataambiwa kwamba ni mwigizaji.

Hapa ndipo ungetamani mtu amshike mkono. Hakuwepo wa kumshika. Marieta akauliza kama huyo mwigizaji anaweza kuongea naye.

Mwigizaji aliitwa Emanuel, kijana wa Arusha mwenye adabu na sauti nene. Masieda mtandao unapatikana vizuri juu ya kilima kilicho nyuma ya shule, basi Marieta akawa anapanda huko asubuhi, akimaliza kukamua, anakaa juu ya jiwe na simu ya Yoakimu. Mara ya kwanza Emanuel alisema Hapa ni Jogoo, Gendabi, kama anatangaza kifo cha kiongozi, na Marieta akacheka, jambo ambalo hakulifanya tangu mazishi. Akamwambia hapana, mwanangu. Huyu ni fundi redio. Anasema kama mtu ambaye ana njaa na anataka wimbo uishe akale.

Emanuel akasema tena. Bado. Usiipandishe mwishoni, yeye alikuwa anaiteremsha. Usiseme kwa midomo, semea kooni, sisi wa huku tunasemea kooni. Kabla hujaanza vuta pumzi kwa pua. Fupi. Hapana, hiyo ya kwako ni ya mtu mwenye mafua, ya kwake ilikuwa ya mtu anayenusa mvua. Kijana alikuwa na kipaji kweli na hakuchoka. Kila asubuhi alisogea kidogo. Marieta alikuwa akishuka kilimani uso umechangamka, akisahau kuni alizotakiwa kuokota, na wanawake wenzake wakaanza kutaniana kwamba mama Jenifa ana mchumba Arusha.

"Wifi," Scolastica alimwambia, "yule si Baltazar."

"Najua."

"Sasa mbona unampandia kilima kila siku?"

Marieta akachukua jembe akaenda zake.

Asubuhi moja Emanuel aliyasema maneno yote, kuanzia Hapa ni Jogoo mpaka usikilize, na Marieta hakupata cha kurekebisha. Upepo ulikuwa unavuma juu ya kilima. Akasema, "Mwanangu, kuna kingine. Sema: Marieta, umekula?"

Emanuel kule Arusha akauliza:

"Hiyo ipo kwenye filamu, mama?"

"Haipo."

Emanuel alikuwa kijana mwenye moyo, na moyo ndio uliomponza. Angeweza kukataa kwa adabu. Badala yake akavuta pumzi puani, fupi, na akasema kwa koo, akiiteremsha mwishoni: "Marieta, umekula?" Marieta akajikuta ametoka juu ya jiwe amekaa chini kwenye nyasi, simu ameibana sikioni kwa mikono miwili. Akajibu kwamba bado, kwamba atakula. Kesho yake akaomba tena, na kesho kutwa. Akamwomba aseme habari ya ng'ombe, akamwomba amgombeze kwa ajili ya mlango uliosahauliwa wazi. Ikaendelea hivyo mpaka siku ambayo Emanuel, kwa sauti yake mwenyewe ya Arusha, akasema, "Mama, kurekodi tumeshamaliza. Naomba tusiendelee. Mimi naona si vizuri kwako." Marieta akamwambia asante, Mungu akubariki, na akarudisha simu kwa Yoakimu.

Filamu ilitoka mwaka uliofuata. Iliwekwa mtandaoni na katekista akaionyesha ukumbini baada ya misa, kwenye ukuta. Watu walikuja wengi. Waliona nyimbo zao, walimwona Marieta akipanda darini kwenye moshi uliopendeza, na Baltazar akasema juu ya picha ya Mlima Hanang: Hapa ni Jogoo, Gendabi. Mzee mmoja aliyekuwa akitengenezewa redio yake na Baltazar alitoa kofia. Watu walimpa Marieta mikono, wakamwambia ni yeye mtupu, mmefanya kazi kubwa, tumemsikia mzee. Ile kusema ni mwigizaji iliandikwa mwishoni kwa herufi ndogo, wakati watu wanavuta viti.

Marieta alikaa kwenye benchi. Kuna kitu hakikuwa sawa katika ile sauti. Alikisikia waziwazi kwamba hakipo sawa, kama unavyojua chumvi haikutiwa kwenye mboga, na alipotaka kusema ni nini, hakukipata. Akajiambia atakipata nyumbani, akitulia.

Hakukipata. Siku zilizofuata, shambani, alijaribu kwa utaratibu. Alimkumbuka Baltazar siku waliyogombana kwa ajili ya baiskeli iliyouzwa, akayakumbuka maneno yote, na aliyeyasema alikuwa Emanuel. Akaenda nyuma zaidi, siku Jenifa alipozaliwa, Baltazar amesimama mlangoni anauliza ni mtoto gani. Emanuel. Akamtafuta dukani, akamtafuta kitandani, akamtafuta siku alipokuja kwao kuposa akiwa kijana mwenye haya, na kila mahali alipofungua akamkuta yule kijana wa Arusha ameshafika, anasemea kooni, anaiteremsha mwishoni, sawasawa kama alivyofundishwa. Jembe lilimponyoka. Alisimama katikati ya maharage ameziba masikio, na hilo halikusaidia, kwa kuwa haikuwa ikitoka nje.

Alikimbia nyumbani. Mwanamke wa umri wake, alikimbia, akachukua simu ya Yoakimu bila kuomba, akapanda kilima akampigia Jenifa. Jenifa alilelewa dukani, alikua ndani ya sauti ile. Mtoto hawezi kusahau.

"Jenifa, baba yako alikuwa anakuitaje? Niigizie. Usiniulize kwa nini, wewe niigizie tu."

Jenifa alicheka kidogo, akisema mama naye ana mambo. Kisha akavuta pumzi puani, fupi, akajiita jina lake mwenyewe kwa koo, akiiteremsha mwishoni.

"Si ndivyo, mama? Mimi na watoto tunaiangalia ile filamu kila mara. Yule kaka amempatia kabisa, yaani ni baba mtupu."

Marieta alisema ndiyo, ndivyo alivyokuwa. Akamuuliza kama watoto hawajambo, na akakata simu kabla hajajibiwa.